Namba Niliyoandika kwenye Ubao wa Kanisa

Mapendo, mwanangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa kwaya, nami nimekaa kwenye kiti chako karibu na dirisha, kalamu mkononi. Uusamehe mwandiko. Meza inayumba leo, na sababu yake nitakuambia kabla sijamaliza. Mama yako yuko uani anachambua maharagwe, na kila baada ya muda anainua macho kuangalia kama ninaandika kweli au ninatazama tu kilima. Asubuhi, ulipokuwa unafua, aliniambia: "Papa Mapendo, mutoto anaenda kesho. Ile neno uko nayo mu roho, uitoshe inje leo. Kama kinywa inakataa, andika. Kuandika unajua, ku tablo ya kanisa unaandikaka bila hata kuombwa." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa anataja nini, na wewe pia umeelewa.

Mambo ya njiani siyagusi. Sweta, sabuni, namba ya shangazi yako iliyoshonwa ndani ya mkoba, dereva wa pikipiki anayenuka pombe ambaye usipande naye hata akiwa binamu yako, hayo yote Mama amekwisha kuyasema mara tatu, na kesho atayasema mara ya nne. Ukifika Sake utatuma salamu, ukipita Mubambiro kwenye kambi ya askari utanyamaza na kutazama mbele, na Goma shangazi atakupokea. Mimi nina neno moja tu, na limenikaa kooni miezi saba.

Neno lenyewe ni hili: ile namba haikuwa kosa lako. Ilikuwa kosa langu. Na niliposema mbele ya wazee kwamba wewe ndiwe uliyenidanganya, nilijua palepale kwamba mwongo ni mimi. Nisamehe, mwanangu.

Nimelisema. Ningeweza kukunja karatasi sasa na kwenda kumsaidia Mama yako. Lakini hukulelewa kupewa msamaha wa mstari mmoja, kwa hiyo ngoja nikueleze yalivyokuwa upande wangu. Upande wako ninaujua, niliusoma usoni mwako.

Baba yako ana ugonjwa wa zamani. Wengine hupenda pombe, mimi hupenda kusikilizwa. Na neno likishanitoka mbele ya watu, siwezi kulirudisha hata likiwa limeoza. Ndiyo maana nilikubali haraka kazi ya kusoma matangazo kanisani, na sijakosa Jumapili hata nikiwa na homa.

Ulikuwa na miaka minane mwaka ule tuliokimbilia Mweso kwa mjomba wako. Labda unakumbuka matope na miguu iliyokuuma. Mimi nakumbuka zaidi siku iliyotangulia. Watu walikuwa wanapita na magodoro kichwani, na sisi wanaume wa kilima tumesimama kwenye njia panda tukiwatazama. Mmoja akaniuliza, "Na weye, Papa Mapendo, mutaenda?" Nikajibu kwa ile sauti yangu ya matangazo: "Siye hatuendi fasi. Mashamba yetu iko apa, tutabakia apa." Wakanisifu. Nikarudi nyumbani kifua kimenivimba, nikamkuta Mama yako anatia mbegu kwenye gunia, maharagwe ya aina zote, yanayopanda miti na yale ya chini, ili ayapeleke Mweso mapema. Nikamkataza. Nikamwambia gunia hilo likionekana njiani, watu watasema Papa Mapendo ana midomo miwili. Kisha akafungua gunia, akarudisha mbegu ghalani.

Kesho yake jua halijatoka tulikuwa tunakimbia kama wengine, bila gunia. Mbegu za mama yake na za bibi yake zilibaki, na tuliporudi baada ya miezi mingi hapakuwa na mbegu wala ghala. Kilichopona ni fundo moja kwenye pembe ya kitenge chake, maharagwe ya kujaa viganja viwili, ambayo aliyafunga bila kuniambia. Fundo hilo ndilo tulilopanda, na ndilo lililokulisha. Hajawahi kunitupia jambo hilo usoni, hata siku tunagombana vibaya. Mara nyingine natamani angenitupia.

Kwa hiyo ulipoleta wazo lako la maharagwe, usidhani nilifurahia mashine. Nilifurahi kwa ajili ya lile gunia.

Ulikuwa umerudi kutoka Mweso baada ya mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu, na ile kompyuta ya mjomba wako yenye kioo kilichopasuka pembeni. Nakumbuka ulivyomwambia Mama, hata hujavua viatu: "Mama, apa kila muntu alirudi na mbegu ingine. Hakuna mwenye anajua nani alichunga nini. Tuandike yote fasi moja, na foto. Muntu akitafuta maharagi ya kwao, anaona iko kwa nani." Mama yako akaenda kuleta mtungi wake wa kwanza wa mbegu.

Majuma yale yalikuwa mazuri kuliko mengi niliyoishi katika nyumba hii. Yeye anashika punje kwenye mwanga wa dirisha, wewe unapiga picha kwa simu, yeye anataja jina, kilima, miezi ya kukomaa, kama yanavumilia mvua, kama yanaiva upesi jikoni. Mlizunguka kwa majirani. Na kila mlipoingia mlifuata desturi, mbegu haiombwi kwa mfuko, huombwa kwa kiganja kitupu, na baada ya mavuno unarudisha viganja viwili. Nilikuona umeketi kwenye vigoda vya watu, unawasikiliza wazee wakigombania jina la haragwe moja, unaandika majina yote mawili ili asiwepo wa kununa. Nilikuwa napita karibu nikijifanya natafuta jembe.

Siku moja nilikuuliza swali ambalo nilikuwa naogopa kuuliza, nisije nikaonekana mjinga. Kama hapa hatuna intaneti, hiyo site, ile tovuti ya mbegu unayoitengeneza, inakaa wapi? Hukunicheka. Uliweka mkono juu ya kompyuta.

"Inakaa umu, Papa. Iyi mashine njo inafanya kazi ya serveri. Serveri ni kama Mama mu depo ya mbegu. Unakuja ku mulango, unasema, Mama, unipe ile ya mistari. Yeye anaenda kuitosha, anakuletea. Kazi yake njo ile tu."

"Na bantu ya Goma?"

"Wa Goma hapana. Depo iko ndani ya nyumba, mulango ya inje bado hatuyatoboa. Kwanza tuifanye apa, tukosee apa, tutengeneze apa. Siku itakuwa muzuri, njo tutaiweka inje."

Kisha ukaandika 127.0.0.1 kwenye kipande cha karatasi ukanionyesha. Ulisema hiyo ni namba ambayo mashine hujiita yenyewe. Ukiiandika kwenye mashine hii, inakuletea kilichomo humu. Mtu mwingine akiiandika kwenye simu yake, inamtafutia ndani ya simu yake mwenyewe, asipate kitu. Ukamaliza hivi: "Papa, usiseme na muntu. Bado." Nilisikia, Mapendo. Sitaki udhani sikusikia. Nilisikia hata hilo neno la mwisho, nikaliacha lipite.

Na jioni hiyohiyo ukachukua kaye, daftari lako, ukaniandikia hatua zote za kuiwasha, moja baada ya nyingine, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Ulisema unataka siku moja niweze kuwafungulia watu site hata wewe hupo. Niliona haya kukuambia kwamba nimefurahi. Nilifurahi sana, mwanangu, niliiweka ile kaye pamoja na Biblia.

Halafu ikaja Jumapili. Nilimaliza tangazo la salongo, ile kazi ya pamoja ya kutengeneza njia, nikamaliza la mkutano wa wamama. Nilipaswa kuketi. Lakini kanisa lilikuwa limejaa, kulikuwa na wageni waliotoka Masisi, na kifua kikaanza ile kazi yake. Nikasema binti yangu ametengeneza site ya mbegu, na inaonekana dunia nzima, toka hapa mpaka Ulaya. Nikachukua chaki. Nikafuta namba za nyimbo ubaoni, nikaandika namba yako kubwa kama mlango, nikapiga mstari chini yake. Watu wakapiga makofi, wakatafuta kalamu. Nikakutazama kule kwenye kwaya, umefunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Nikajiambia ni haya ya furaha.

Wiki ile namba ilisafiri mbali kuliko mimi nilivyowahi kusafiri. Ilifika Goma, ilifika Walikale kwa vijana wetu walioko migodini, ilifika hadi Kinshasa kwa mtoto wa mchungaji. Kila mmoja aliiandika kwenye simu yake, kila simu ikajitafuta yenyewe ikakosa, na kote huko wakaturudishia kicheko. Vijana wa hapa wakaanza kukuita Madame Site. Ukipita kisimani wanakuuliza kama Ulaya wamekwisha kula maharagwe.

Na Koko Feza, yule bibi mjane wa nyuma ya kanisa, aliikunja namba ndani ya kitenge, akaazima simu, akapanda peke yake mpaka juu kule ambako mtandao unashika. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyeokoa maharagwe ya mama yake, yale meusi yenye jicho jeupe. Alikaa huko akibonyeza mpaka mvua ikamkuta. Alishuka amelowa, akakohoa majuma mawili.

Wazee watatu wa kanisa wakaja hapa. Walikuwa wapole, hata hawakukaa vizuri kwenye viti. Mmoja akasema, "Papa Mapendo, tuambie, ile namba ni ya nini? Koko iko mugonjwa." Wewe ulikuwa unaingia na sinia la vikombe. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ulikuwa mfupi: nilikatazwa, nikasema. Badala yake nikasema, "Mutoto njo alinipa namba mubaya. Batoto ya sasa wanadanganyaka." Nilisikia vikombe vinagongana. Ukaweka sinia mezani, ukasema, "Mukaribie chai," ukatoka. Ulienda ukabonyeza kitu kwenye mashine, kisha ukaifunika kwa kitambaa cha meza, na toka siku hiyo hukuifunua tena.

Miezi saba nimekuwa nikisema kesho. Nilianza kukuchotea maji ya kuoga asubuhi, kazi ambayo sikuwahi kumfanyia mtu, wewe ukamwambia Mama labda nimeanza kuzeeka. Sikuwa nazeeka. Nilikuwa natumaini ndoo itasema kwa niaba yangu, na ndoo haina kinywa.

Kisha ukatuambia kwamba Goma utajifunza kushona. Mama alishangaa. Wewe, Mapendo, ambaye vifungo ulivyonishonea vinaanguka kabla ya sadaka kupita! Nikajiuliza, na ile shule ya informatiki, ya mambo ya kompyuta, iliyokuwa imekubali jina lako je? Siku chache baadaye niliangusha kijiko, nikainama kukiokota, nikaona barua yao imekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza, inazuia meza isiyumbe. Nilibaki pale chini muda mrefu kuliko kijiko kinavyohitaji. Mkono ulioikunja ni wako, lakini aliyeikunja ni mimi.

Sikuandikii ili nikuchagulie. Kushona ni kazi ya heshima, shangazi yako ameishi nayo na kusomesha watoto. Ukiipenda sindano, ishike, nami nitavaa kila utakachonishonea, hata kikiwa na mikono miwili upande mmoja. Ninachoogopa ni kwamba unaikimbilia sindano kwa sababu baba yako alikuaibisha. Uende kwa kupenda, usiende kwa kujificha. Hilo la pili, kama ndilo, siwezi kuishi nalo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui. Jumapili iliyopita ulikuwa Mweso kuchukua diploma ya yale mafunzo yako. Nilisoma matangazo. Nilipomaliza nikachukua chaki, nikaandika tena 127.0.0.1, na kanisa lote likacheka hata sijafungua mdomo. Nikangoja wamalize. Walikuwa na haki yao.

Kisha nikasema, "Iyi namba, Mapendo aliniambia nisiitoe. Alisema bado. Miye nikaitoa juu ya kujisifu. Na wakati mulikuja kuniuliza, nikasema mutoto njo alidanganya. Mutoto hakudanganya. Miye njo nilidanganya. Koko Feza, unisamehe. Na ninyi vijana, ile jina munamuitaka, muiache."

Mtu mzima na mvi zangu, nimeshika chaki kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Nilingoja wanizomee. Koko Feza akasimama taratibu kwenye benchi lake. "Nilisikia," akasema. "Sasa na ile site, iko ao haiko?"

"Iko, Koko. Lakini kwetu ku nyumba tu."

"Basi twende ku nyumba."

Walikuja kama ishirini, na nguo zao za ibada. Mama yako alikuwa ametangulia kuweka sufuria ya sombe jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akaangalia watu, akaniangalia mimi. "Na nani ataiwasha?" Nikasema ni mimi. "Weye?" Nikasema mimi, ndiyo. Akarudi jikoni, nadhani ili nisimwone anacheka.

Nikaifunua mashine. Nikaiunganisha na betri ya jua, nikawasha na kile kisanduku chako kidogo cha mtandao, kinachounganisha simu za hapa uani na mashine, nikafungua kaye ukurasa wa kwanza. Nilifuata hatua kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nikafika pa kuanzisha seva, nikabonyeza. Yakatokea maneno mekundu, mengi, yakipandana. Nikabonyeza tena, yakaongezeka. Nyuma yangu watu wanapumua karibu na sikio langu, na nikahisi mkono unataka kuipiga ile mashine. Nilikwisha hata kuandaa maneno. Nilitaka kusema mashine ni mbovu, mjomba alitupatia takataka. Unaona? Bado ningemtafuta mwingine wa kubebeshwa.

Nikageuza ukurasa wa kaye, nikakuta umeandika: "Papa, ikikataa usiipige. Soma mustari ya mwisho. Yenyewe inasemaka fasi inauma."

Nilicheka kwa sauti, watu wakadhani nimerukwa na akili. Ulinijua kiasi gani, wewe mtoto! Nikasoma mstari wa mwisho. Sikuelewa maneno yote, ila niliona 80, na kwenye kaye uliandika kwamba mashine ikisema mlango wa 80 una mtu, niiambie itumie 8080. Nikabadilisha. Nikabonyeza. Maneno mekundu yakaondoka, yakaja ya kijani. Mashine ikaniuliza kama ninaruhusu wengine waingie, nikakubali. Wenye simu wakatafuta ule mtandao uliouita Maharagi, nikawasomea kwenye kaye ile namba nyingine, ya simu zilizo uani, ile uliyoizungushia duara, na mlango wake. Mmoja akapiga kelele. Halafu wa pili. Picha za Mama yako, punje zake mkononi, zilikuwa kwenye simu za watu katika uwanja wetu, bila intaneti ya mtu yeyote.

Koko Feza hana simu. Nikamketisha kwenye hiki kiti chako mbele ya kioo kilichopasuka, nikamwonyesha haragwe moja baada ya jingine. Alipofika kwenye lile jeusi lenye jicho jeupe akaweka kidole juu ya kioo, hakukiondoa. "Iyi njo yetu," akasema. "Iyi njo ya mama yangu. Iko kwa nani?"

Chini ya picha uliandika: kwa Mama Mapendo.

Yalikuwa ndani ya lile fundo la kitenge. Miaka yote hiyo tumekuwa tukiyapanda nyuma ya nyumba, mwendo wa dakika tano kutoka kwake. Koko Feza akageuka akanitazama. "Kumbe miye nilipandaka mulima, na iko apa chini?" Akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena, na machozi yakamtoka katikati, na Mama yako akaja na mwiko wake akamkumbatia. Kisha Koko akanyoosha kiganja kitupu. Mama akaenda ghalani.

Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya jiko, nikalia kidogo. Ni Mama yako tu aliyeniona.

Niliwaomba wote wasikuambie, nikasema nitakuambia mwenyewe. Ndiyo maana wiki hii watu wanakutazama wakitabasamu. Ulimwambia Mama kwamba bado wanakucheka. Hapana, mwanangu. Wananisubiri mimi, na nimewachosha. Juzi Koko Feza alinikuta njiani akaniuliza kama kinywa changu kinafanya kazi kanisani peke yake.

Nimefikiri sana juu ya seva yako. Ulijipatia mahali pa kukosea pasipo kuonwa, ukatengeneza, ukakosea tena, ukatengeneza tena, na haraka hukuwa nayo. Mimi sikuwahi kuwa na mahali kama hapo. Kila jambo langu nilianza kulitangaza, kisha nikabaki kulitetea, na Mama yako ndiye aliyekuwa akifunga mafundo kwa siri. Hilo nimejifunza kwako nikiwa na mvi. Sikufundishi, nakushukuru tu.

Begi lako nimelifungua, usikasirike. Mashine nimeiweka katikati ya sweta mbili, na kile kisanduku nimekifunga kwenye soksi zangu, ni safi. Wengine walitaka mashine ibaki hapa. Koko Feza ndiye aliyekataa: "Mashine iende na mwenyewe. Siye tutaandika mu kaye." Na wameandika. Juzi na jana, ulipokuwa kwa rafiki zako, wamama walikaa uani wakanakili kila haragwe kwa mkono, na picha wakazichora. Baadhi zinafanana na viazi, lakini wao wanazielewa. Kaye yako ya hatua nimebaki nayo. Hiyo sitoi.

Barua ya shule nimeitoa chini ya mguu wa meza. Nimeinyoosha kwa kikombe cha maji moto, nimeilaza ndani ya mashine, kati ya kioo na vibonye. Utaikuta ukifungua. Kama hutaki, ikunje tena, Goma nako kuna meza zinazoyumba. Ila uikunje wewe mwenyewe, kwa kupenda kwako.

Nasikia kwaya imemaliza wimbo wa mwisho, kwa hiyo hauko mbali. Jambo moja tena. Ukifika kwa shangazi na kupumzika, hata kama umekwisha kuamua kushona, iwashe mara moja tu. Andika ile namba yangu ya aibu, 127.0.0.1, na mlango wake, 8080. Nenda mpaka chini kabisa, pale penye "Kazi ya", ulipofuta jina ukaacha nafasi tupu siku ile ya wazee. Jina lako liko pale sasa. Mama alinisaidia kutafuta herufi.

Chini ya jina kuna mstari mmoja nilioandika peke yangu, Mama akiwa shambani. Yeye hajausoma. Sikuutangaza kanisani, sikuuandika ubaoni, na Goma nzima ikiandika namba hiyo haitauona. Nimeuacha humo ndani, mwanangu, uusome wewe.

Papa yako